Makosa ya hesabu yanavyoweza kumwongoza mwalimu darasani

KILA muhula unapomalizika, maelfu ya wanafunzi wa shule za msingi za Likoni, Kisauni na Changamwe katika Kaunti ya Mombasa hurejea nyumbani na ripoti ya masomo. Katika mstari wa hisabati huwa kuna alama au kiwango alichofikia mwanafunzi, na neno moja au mawili ya mwalimu: "Jitahidi", "Amejaribu", "Aongeze bidii".

Mzazi huisoma, akafurahi au akahamaki, kisha ripoti ikahifadhiwa. Shuleni nako karatasi za mtihani hurejeshewa wanafunzi au hufungwa kwa kamba na kuwekwa stoo. Muhula mpya unapoanza, mwalimu hufungua kitabu ukurasa unaofuata na kuendelea na mada mpya.

Hapo ndipo hasara inapotokea. Karatasi hizo zilizotupwa kando huwa zimebeba habari ambazo mwalimu hawezi kuzipata kwingineko: ni hatua gani hasa ya hesabu iliyomshinda mwanafunzi, na ni wangapi wanaokosea kwa namna ile ile.

Hisabati ni somo linalojengwa mithili ya nyumba, tofali juu ya tofali. Asiyeelewa thamani ya makumi na mamoja atatatizika katika kutoa. Asiyejua kuzidisha na kugawanya hatapata njia katika sehemu na asilimia, na atakapofika kwenye aljebra atakuwa akikariri tu bila kufahamu. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa hisabati aghalabu huanza katika madarasa ya chini, ambako haumshughulishi mtu.

Alama zilivyotumika zamani

Kwa miaka mingi alama za mitihani nchini Kenya zilitumika kupanga watu. Mtihani wa Darasa la Nane, KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na karatasi ya hisabati yenye maswali 50 ya kuchagua jibu. Alama zake ziliamua nani angejiunga na shule ipi ya upili.

Shule nazo zilipangwa kwa nafasi, na magazeti yakachapisha orodha za zilizong'ara na zilizovuta mkia. Serikali ilipiga marufuku upangaji huo mwaka 2014, lakini desturi ya kuuliza "amekuwa nambari ngapi?" haikutoweka vijijini wala mitaani.

Nafasi ya mwanafunzi darasani humweleza mzazi jinsi mwanawe anavyolingana na wenzake. Haimwelezi anachojua. Mwanafunzi anaweza kuwa wa tatu katika darasa ambalo takriban kila mtu ameshindwa na sehemu, na mwingine akawa wa 30 katika darasa ambalo wengi wamezimudu.

Isitoshe, alama ya jumla katika mtihani wa kuchagua jibu inaweza kuhadaa. Penye majibu manne, anayebahatisha maswali yote 50 bila kusoma hata moja atapata, kwa wastani, kati ya maswali 12 na 13. Hiyo ni takriban asilimia 25. Mwalimu anayeiona alama hiyo na kusema mwanafunzi "anajua robo ya kazi" huenda anajidanganya.

Wastani unaoficha

Hali kama hiyo hujitokeza hata katika takwimu za taifa zima. Katika utafiti wa SACMEQ, unaozishirikisha wizara za elimu za nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, wanafunzi wa darasa la sita wa Kenya walipata wastani wa pointi 557 katika hisabati mwaka 2007. Kipimo kilichowekwa kuwa wastani wa eneo zima kilikuwa pointi 500. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofanya vyema.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2009, mpango wa Uwezo ulianza kuwapima watoto nchini humo. Watafiti wake hawakwenda shuleni pekee. Walibisha hodi nyumbani na kumwita mtoto mmoja mmoja, wakampa maswali mepesi ya kutambua nambari, kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Maswali hayo hayakuzidi kiwango cha darasa la pili.

Ripoti zilizofuata zilirudia jambo lile lile mwaka baada ya mwaka: takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Katika madarasa ya juu pia walikuwapo watoto ambao bado walishindwa na kazi hiyo.

Mbinu hiyo ilitokana na tathmini ya ASER iliyoanzishwa nchini India mwaka 2005 na shirika la Pratham. Nchini Kenya kazi hiyo inaendelezwa na shirika la Usawa Agenda, ambalo limefanya tathmini za aina hiyo katika miaka ya karibuni.

Tafiti hizo mbili hazipingani. SACMEQ ilipima wastani wa waliofika darasa la sita, ilhali Uwezo ulimtazama kila mtoto na ngazi aliyosimama. Wastani mzuri unaweza kukaa juu ya kundi kubwa lililoachwa nyuma, na mwalimu wa Mtongwe, Bamburi au Chaani anayetazama wastani wa darasa lake pekee anaweza kupitwa na jambo hilo hilo.

Kosa lina sababu

Watu wengi hudhani kwamba jibu lisilo sahihi ni dalili ya uzembe. Utafiti unaonyesha vingine. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchambuzi wa makosa ya wanafunzi katika hesabu za kutoa. Waligundua kwamba makosa mengi hufuata kanuni. Mwanafunzi huwa na njia yake, anaifuata kwa uaminifu, ila njia yenyewe ina kasoro.

Chukua hesabu ya 52 kutoa 27. Jibu sahihi ni 25. Mwanafunzi anayeandika 35 hakubahatisha. Katika safu ya mamoja ameona 2 na 7, akatoa ndogo kutoka kwa kubwa na kupata 5. Katika safu ya makumi ametoa 2 kutoka kwa 5 na kupata 3. Hajui kwamba anapaswa kufungua kumi moja na kulifanya mamoja. Kumpa hesabu nyingine 20 za aina hiyo bila kumwonyesha hilo ni kumpa nafasi 20 za kulizoea kosa.

Chukua pia nusu kujumlisha theluthi. Wengi huandika sehemu mbili kwa tano, kwa kujumlisha nambari za juu pamoja na za chini pamoja. Mwalimu akiwauliza iwapo aliyekuwa na nusu ya mkate wa mofa, kisha akaongezewa kipande kingine, anaweza kubaki na chini ya nusu, kosa huonekana lenyewe.

Mfano wa tatu ni wa desimali. Mwanafunzi akiulizwa ipi kubwa kati ya 0.35 na 0.4, akajibu 0.35, huwa amezisoma kama nambari nzima: 35 ni kubwa kuliko 4. Kosa hilo halihitaji adhabu. Linahitaji rula, ili aone sentimita 35 na sentimita 40 katika mita moja.

Katika mtihani wa kuchagua jibu, watunzi stadi huyaweka makosa kama hayo kimakusudi miongoni mwa majibu ya kuchagua. Kwa hiyo herufi aliyoichagua mwanafunzi aliyekosa inaweza kumfunulia mwalimu njia aliyopita, mradi mwalimu aiangalie badala ya kuweka alama ya mkasi na kupita.

Jedwali la karatasi moja

Kazi hii haihitaji kompyuta. Inatosha daftari la mistari, kalamu na saa moja baada ya kusahihisha.

Mwalimu huandika majina ya wanafunzi upande wa kushoto na nambari za maswali juu. Chini ya kila swali huandika ustadi uliopimwa. Penye jibu sahihi huweka alama ya vema, na penye kosa huandika jibu lenyewe alilotoa mwanafunzi. Hatua hii ya mwisho ndiyo muhimu zaidi, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Tuseme darasa la kubuni la Gredi ya 5 lina wanafunzi 48 na limepewa maswali matano. La kwanza, la kujumlisha bila kubeba, limepatwa na wanafunzi 45. La pili, la kutoa kwa kukopa, limepatwa na 21. La tatu, la kuzidisha, limepatwa na 33. La nne, la kujumlisha sehemu, limepatwa na 14. La tano, la maelezo, limepatwa na 12.

Majibu sahihi kwa jumla ni 125 kati ya 240, sawa na wastani wa asilimia 52. Ikiwa mwalimu mkuu ataletewa wastani huo peke yake, atasema darasa ni la wastani na mambo yaendelee. Jedwali linasema mengine kabisa. Darasa hilo haliko katikati ya kila kitu. Linajua kujumlisha barabara, na limekwama mahali patatu panapoonekana wazi.

Mwalimu akishuka chini ya safu ya swali la pili, tuseme ataona kwamba kati ya 27 waliokosa, 19 wameandika jibu lile lile la 35. Hao wana tatizo moja na wanaweza kufundishwa pamoja kwa siku mbili au tatu, kwa kutumia mafungu ya njiti kumi kumi. Wanane waliobaki wana majibu tofauti tofauti, na kila mmoja anahitaji kuulizwa: "Hebu nieleze ulivyofanya."

Jedwali pia hutenganisha wanafunzi ambao alama zao zinafanana. Wanafunzi wawili wanaweza kupata maswali matatu kati ya matano, yaani asilimia 60 kila mmoja. Wa kwanza amekosa kutoa na sehemu. Wa pili amekosa sehemu na swali la maelezo. Katika ripoti wao ni sare. Darasani, dawa ya mmoja haimponyi mwenzake.

Hisabati au lugha?

Swali la tano katika mfano huo linastahili kutazamwa peke yake, hasa katika shule za Pwani. Sera ya lugha nchini Kenya huruhusu watoto wa madarasa ya chini kufundishwa kwa lugha ya eneo lao, lakini kuanzia Gredi ya 4 hisabati hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Likoni au Kisauni ambaye nyumbani, sokoni na madrasani huzungumza Kiswahili hukutana na mitihani miwili katika swali moja.

Tuseme swali linamhusu mchuuzi wa soko la Kongowea aliyenunua magunia 4 ya machungwa, kila gunia likiwa na machungwa 36, kisha 9 yakaoza. Aliyebaki na jibu tupu huenda hajui kwamba 4 mara 36 ni 144, na kwamba 144 kutoa 9 ni 135. Au huenda anajua yote hayo ila hakuelewa neno la Kiingereza lenye maana ya kuoza.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Mwalimu humwita pembeni na kumsomea swali kwa Kiswahili. Akilipata, tatizo ni la lugha, na mwalimu wa hisabati anapaswa kushirikiana na yule wa Kiingereza. Akilikosa tena, hapo ndipo hesabu yenyewe inapopaswa kufundishwa upya.

Kuna watoto pia ambao hisabati wanaijua mtaani na kuikosa karatasini. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wa watoto watano waliochuuza bidhaa katika mji wa Recife, Brazil. Walipouliziwa bei na chenji mbele ya bidhaa zao, walipata asilimia 98 ya majibu. Hesabu zile zile zilipogeuzwa kuwa maswali ya maelezo, walipata asilimia 74, na zilipobaki nambari tupu wakapata asilimia 37.

Mombasa haikosi watoto wanaowasaidia wazazi kuuza mahamri, viazi vya karai au samaki wa kukaanga, na wanaorejesha chenji bila kukosea. Mwalimu anayelijua hilo ana daraja la kuanzia. Anaweza kumtoa mtoto kwenye shilingi na senti hadi kwenye desimali, na kutoka kwenye chenji hadi kwenye kutoa kwa kukopa.

Baada ya kujua, nini kifanyike?

Takwimu zisizobadilisha somo la kesho ni mzigo tu. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa chuo cha King's College jijini London walipitia tafiti nyingi kuhusu tathmini za darasani. Walihitimisha kwamba wanafunzi hunufaika sana pale mwalimu anapoyatumia majibu yao kurekebisha ufundishaji, na kwamba wanaonufaika zaidi ni wale waliokuwa nyuma.

Ushahidi mwingine ulitoka Kenya kwenyewe. Kuanzia mwaka 2005, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 za magharibi mwa nchi ambazo zilikuwa zimepata mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo wanafunzi waligawanywa katika mikondo miwili kulingana na walichojua. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa bahati nasibu.

Baada ya miezi 18, shule zilizogawanya kwa uwezo zilikuwa mbele, na waliofaidi walikuwa wanafunzi wa mikondo yote miwili, wenye nguvu na wanyonge. Sababu mojawapo ni kwamba mwalimu aliweza kufundisha kwa kiwango walichokuwepo wanafunzi wake. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa utafiti wao wa kupambana na umaskini.

Uchunguzi wa awali wa Kremer na wenzake, pia magharibi mwa Kenya, ulikuwa umeonyesha kwamba kugawa vitabu vya kiada peke yake kuliwasaidia wale tu waliokuwa tayari mbele. Wengine hawakuweza kuvisoma vyema. Kitabu kizuri kisicholingana na ngazi ya mtoto humwacha pale pale.

Hata hivyo, kugawanya wanafunzi kuna hatari zake. Kundi likipewa jina la "wajinga", aibu hiyo hudumu kuliko somo lenyewe. Inafaa makundi yawe ya mada moja, ya wiki mbili au tatu, kisha yavunjwe. Mtoto aliye katika kundi la kutoa leo anaweza kuwa ndiye anayewasaidia wenzake katika maumbo kesho kutwa.

Jambo jingine ni sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumrudisha mwanafunzi darasa na pia masomo ya ziada wakati wa likizo. Kwa hiyo marekebisho yanapaswa kufanywa ndani ya ratiba ya kawaida. Vipindi viwili vya hisabati kwa wiki vikitengwa kwa makundi hayo, mzazi wa Shika Adabu au Magongo hatalazimika kulipia tuisheni ili mwanawe afundishwe kile alichokikosa darasani.

Baada ya wiki mbili, mwalimu huwapa wale 19 maswali matatu mapya ya kutoa. Iwapo 15 watayapata, atakuwa na majina manne tu mkononi mwake, na atajua kwamba wanne hao wanahitaji njia nyingine, si kelele zaidi.

Vikwazo vilivyopo

Walimu wana sababu za kulalamika. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 kwa mwaka mmoja, na madarasa yakafurika. Katika vitongoji vyenye watu wengi vya Mombasa bara, mwalimu anaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwasahihishia kwa siku moja.

Kwa darasa kubwa, si lazima mtihani mzima uchambuliwe. Maswali matatu yaliyoteuliwa vizuri, kila Ijumaa, yakijibiwa kwenye kipande cha karatasi, yanatosha. Mwalimu huzipanga karatasi mezani katika mafungu matatu: waliopata, waliokosea kwa njia moja, na wengineo. Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Kikwazo cha pili ni utoro. Mtoto aliyekosa wiki nzima kwa sababu ya homa, au familia iliyohama kutoka Changamwe hadi Kisauni katikati ya muhula, huacha pengo ambalo hudhaniwa kuwa ugumu wa kichwa. Ndiyo maana rejesta ya mahudhurio inafaa kuwekwa kando ya jedwali la majibu.

Cha tatu, na pengine kizito zaidi, ni hofu. Tangu mwaka 2016 Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, imekuwa ikitumia mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu. Mwalimu akiamini kwamba alama hafifu za darasa lake zitatumiwa kumwadhibu, atashawishika kuzipamba. Takwimu zilizopambwa hazimsaidii mtu, na mwenye kuumia ni mtoto. Mficha maradhi, walinena wahenga, kifo humuumbua.

Mtaala mpya, fursa mpya

Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa madarasani mwaka 2019, umebadilisha mpangilio wa tathmini. Matokeo huelezwa kwa viwango vinne vikuu: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio.

Tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na ile ya Gredi ya 9, KJSEA, mwaka 2025. Katika kumpangia mwanafunzi shule ya sekondari ya juu, KPSEA huchangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA asilimia 60.

Maana yake ni kwamba udhaifu wa hisabati unaoachwa katika Gredi ya 5 hukokotwa hadi kwenye uamuzi wa Gredi ya 9. Mwaka 2025 serikali iliamua kwamba hisabati iwe ya lazima katika sekondari ya juu, wanaochukua mkondo wa sayansi na teknolojia wakisoma hisabati ya kina na wengine hisabati ya kimsingi. Katika mji unaotegemea bandari, meli, reli na viwanda, mkondo huo wa kwanza ndio mlango wa kazi nyingi za ufundi na uhandisi.

Tathmini za shuleni hutumwa kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, kupitia mtandao. Kuna hatari kwamba mwalimu ataichukulia kazi hiyo kuwa ya kujaza alama tu na kuzituma Nairobi. Kiwango cha "kukaribia matarajio" nacho kinaweza kuwa kama alama ya asilimia 52: kinasema mtoto hajafika, hakisemi amekwama wapi. Mwenye jibu la swali hilo bado ni mwalimu aliye na karatasi mkononi.

Nchi haiko gizani katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa PRIEDE uliofadhiliwa kupitia Ushirikiano wa Kimataifa wa Elimu ulisambaza vitabu vya hisabati kwa madarasa ya chini. Aidha, ulizipa shule 4,000 zilizokuwa na matokeo hafifu uchambuzi wa matokeo yao ya KCPE pamoja na ruzuku ya kutekeleza mipango ya kuboresha masomo. Na shule zilipofunguliwa Oktoba 2020 baada ya janga la korona, KNEC iliandaa tathmini ya kujua wanafunzi walikuwa wamesalia wapi, bila kuwashindanisha.

Kwa shule moja, mahali pa kuanzia ni kikao cha walimu wa hisabati mwanzoni mwa muhula, kila mmoja akiwa na jedwali lake. Ikidhihirika kwamba Gredi ya 4, ya 5 na ya 6 zote zimeshindwa na kutoa kwa kukopa, basi tatizo limeanzia chini, na mwalimu wa Gredi ya 3 anahitaji msaada wala si lawama. Maafisa wa mtaala wanaozuru shule za eneo hilo wanaweza kupewa majedwali hayo, wakalinganisha shule za Timbwani na za Mjambere, na kuwakutanisha walimu waliofaulu katika mada fulani na wenzao waliokwama.

Mzazi naye ana nafasi yake siku ya kutembelea shule. Badala ya kuuliza mwanawe amekuwa nambari ngapi, anaweza kuomba aonyeshwe swali moja ambalo mtoto amelikosa, aelezwe kwa nini amelikosa, aulize ni lini atafundishwa tena, na lini atapimwa upya. Maswali hayo manne hayahitaji mzazi awe amesoma hisabati. Mwalimu anayeweza kuyajibu amekwisha kuyatumia matokeo kwa kazi yake.